Kugombea udiwani ukiwa na simu mkononi: mwongozo kwa anayeanza, toka Dodoma

Kila uchaguzi ukikaribia, hata huu mdogo wa kujaza kiti kimoja cha diwani, napigiwa simu na watu tofauti wenye maswali yaleyale. Nianze na Instagram au Facebook? Ninunue wafuasi? Kubusti posti, yaani kuilipia ionwe na wengi, ni shilingi ngapi? Nitafute kijana wa kunipostia? Nimejibu mmoja mmoja sana, sasa naandika yote hapa ili ukisoma uanze kazi leoleo.

Nimeandika kwa mgombea udiwani maana huko ndo nimekaa zaidi. Mwenyekiti wa mtaa au kijiji atatumia hayahaya kwa udogo, na mbunge atayazidisha kwa kata zake zote.

Kitu kimoja kiingie kichwani kabla ya vyote: diwani anachaguliwa na watu waliojiandikisha kwenye kata yake, basi. Mtu akiwa Mwanza anakupa laiki ishirini kwa siku, asante yake, ila hana kura yako. Hata hapahapa Dodoma, mwanafunzi wa UDOM aliyejiandikisha kwao Kagera na hajahamisha taarifa zake, huyo sio mpiga kura wako hata kama anakushangilia kila usiku. Nilimsaidia mgombea mmoja ambaye ukurasa wake ulikuwa na maelfu ya watu, komenti zinamiminika, nikamwomba daftari la namba za watu wa kata yake akanionyesha kurasa mbili hazijajaa. Tulilia wote siku ya matokeo. Kwahiyo kila hatua hapa chini jiulize swali moja tu, hii inanipeleka kwa mtu wa kata yangu au inanipeleka kwingine?

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Simu janja yenye kamera inayoeleweka, na ya pili hata kama ni ya bei ndogo kwa ajili ya laini ya kampeni.
- Laini mpya iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako mwenyewe cha NIDA. Usitumie laini ya shemeji wala ya kijana wako wa kampeni, mkikosana kesho anaondoka na namba ambayo kata nzima wameisevu.
- Bando la mwezi, sio la siku. Ukijiunga la siku litakata katikati ya kujibu watu.
- Pawabenki, na earphone zenye maiki.
- Kaunta buku. Ndiyo, daftari la karatasi. Lichore safu tano: jina, namba, mtaa, shida aliyoisema, tarehe uliyomjibu.
- Watu wawili au watatu unaowaamini, bora wanaishi mitaa tofauti ya kata.
- Ratiba ya uchaguzi kutoka kwa msimamizi wa uchaguzi. Kabla hujateuliwa usijiite mgombea mtandaoni, na ukishafika mwisho wa kampeni acha. Watu wengi wanadhani ratiba ni ya jukwaani tu na simu haihusiki, hapo wanakosea.

Hatua ya 1: Ijue kata yako inatumia simu gani

Kata za mjini kati kama Makole au Viwandani hazifanani na Hombolo au Mpunguzi. Mjini kijana ana simu janja, yuko TikTok, mama wa duka anaangalia status za WhatsApp siku nzima huku anauza. Ukitoka nje kidogo unakuta kitochi nyingi, na kwenye nyumba simu janja ni moja ya kijana ambayo wazee wanasikilizia. Ukiwa Nzuguni una vyote viwili kwa pamoja, wafanyabiashara wa Soko la Ndugai, watumishi waliohamia, na wenyeji wenye mashamba yao.

Usikisie. Tenga siku mbili, kaa kijiwe cha bodaboda, kwa mama lishe, kwenye mashine ya kusaga, kisimani, uliza hivi: "Ukitaka kujua habari za mtaa huu unazipatia wapi?" Andika majibu. Utashangaa, mara nyingi ni gurupu la kikundi cha kuweka na kukopa, la kwaya, la wazazi wa shule, la watu wa msikitini. Huko ndo kata yako ilipo. Wala usiombe kuingizwa kwenye magurupu hayo kwa ajili ya siasa, ya kwaya waache na kwaya yao, ila mjue mtu mmoja mmoja aliyemo.

Hatua ya 2: Funga milango kwanza

Fanya hii kabla ya kuposti chochote. Kwenye WhatsApp ingia mipangilio, akaunti, washa uthibitisho wa hatua mbili, weka pini ya namba sita ambayo sio tarehe yako ya kuzaliwa. Facebook, Instagram na TikTok nazo washa vivyo hivyo. Andika neno la siri kwenye karatasi, iweke nyumbani.

Onyo: mtu akikutumia meseji "samahani mheshimiwa namba sita zimeingia kwako kwa bahati mbaya nitumie", usitume. Hizo ndo funguo za WhatsApp yako. Wagombea wanaibiwa akaunti kwa njia hii, na mwizi anaanza kuomba hela kwa wapiga kura kwa jina lako.

Hatua ya 3: Fungua ukurasa, sio akaunti ya kawaida

Facebook akaunti ya kawaida inaishia marafiki 5,000, alafu ikifungiwa umepotea na picha zako za harusi humohumo. Fungua ukurasa, weka maadmini wawili, wewe na mtu mmoja wa nyumbani. Jina liwe lile watu wanalokuita, na lifanane na litakalokuwa kwenye karatasi ya kura. Picha moja uso unaonekana, hujavaa miwani ya jua. Maelezo mafupi: jina, kata, chama, namba ya kampeni.

Picha hiyohiyo iweke kila mahali, WhatsApp, TikTok, Instagram. Mtu akiona bango pale stendi alafu akaona simu, amtambue mtu mmoja. Kuhusu X, mtandao huo ulizuiwa nchini Mei 2025, na kwa kura za kata sioni sababu ya kupoteza bando huko.

Hatua ya 4: Kusanya namba kwa njia halali

Hapa ndo kazi yenyewe, na ndo watu wanaruka. Wanaenda kwa katibu wa SACCOS wanapewa orodha ya namba mia tatu, wanaanza kurusha meseji. Usifanye. Kwanza ni kosa, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, namba ya mtu aliyoitoa kwa ajili ya mkopo haikutolewa kwa ajili ya kampeni yako. Pili, watu wakikuripoti wengi kwa pamoja WhatsApp inakufungia laini.

Njia yangu ni hii. Ukikutana na mtu, mkaongea, ukasikia shida yake, mwambie: "Naomba usevu namba yangu, alafu nitumie meseji jina lako na mtaa." Akituma yeye kwanza, ameridhia, na wewe umemsevu, na yeye kakusevu. Jioni hamishia kwenye kaunta buku. Kwa mwenye kitochi mwandike, mwambie utamtumia meseji ya kawaida au utampigia, alafu kweli mpigie.

Usiku uleule mjibu. Mfano:

"Mbukwenyi mama. Mimi ni (jina), naomba udiwani kata yetu kupitia chama cha (jina). Leo tumeongea pale kisimani kuhusu foleni ya maji, nimeiandika. Ukiwa na jambo lingine nitumie hapahapa hata kwa sauti."

Hiyo "Mbukwenyi" itumie kwa Wagogo wenzetu na kama unaijua kweli. Kwa Mrangi, kwa mtumishi aliyekuja juzi, "Shikamoo" au "Habari za jioni" inatosha. Mtu akisikia unaigiza lugha yake anaumia.

Hatua ya 5: Panga WhatsApp vizuri

WhatsApp ina vitu vitatu na kila kimoja kina kazi yake, wanaoanza wanavichanganya.

Orodha ya matangazo. Unatuma ujumbe mmoja, kila mtu anaupata kama wake peke yake, hawaonani. Orodha moja inachukua watu 256, na anayepata ni yule tu aliyekusevu. Ndo maana hatua ya 4 nimesisitiza wakusevu. Tengeneza orodha kwa kila mtaa, ipe jina la mtaa, ili habari ya korongo la mtaa mmoja isiende kwa watu wasiolijua.

Gurupu. Linachukua hadi watu 1,024 ila mi nakushauri usifike huko. Gurupu la timu liwe dogo, mabalozi wako wa kila mtaa, yaani watu wanaokusemea huko, ishirini hivi. Ukitaka gurupu la wananchi, usimwingize mtu kwa nguvu, tuma linki aingie mwenyewe. Weka sheria tatu juu kabisa: hakuna matusi, hakuna picha za ajali, hakuna habari ambayo hujui imetoka wapi. Na usiku wakati huna mtu wa kuangalia, weka maadmini tu ndo waandike. Gurupu lisilo na mlinzi saa sita usiku linaweza kukuharibia kampeni ya mwezi mzima.

Status. Hii ndo ninayoipenda. Inakaa saa 24, haimsumbui mtu, anaangalia akitaka. Weka mbili au tatu kwa siku, zisizidi. Asubuhi ulipo, mchana mwananchi mmoja anaongea kwa ridhaa yake, jioni jibu la swali moja. Alafu waombe mabalozi waziweke kwenye status zao pia. Mama lishe akikuweka kwenye status yake, wanaomjua wote wanakuona kupitia mtu wanayemwamini, na hiyo hakuna hela ya kubusti inayoifikia.

Muda mzuri kwa uzoefu wangu ni saa 12 hadi saa 1 asubuhi kabla watu hawajatoka, na saa 1 hadi saa 3 usiku. Mchana jua la Dodoma linawaka na watu wako kazini.

Hatua ya 6: Rekodi video na sauti watu wamalize kuangalia

Simu isimame wima. Sekunde 30 hadi 45. Sentensi ya kwanza iwe shida yenyewe, usianze na "Ndugu wananchi wa kata yetu tukufu napenda kuchukua fursa hii", ukifika kwenye fursa mtu keshapita. Anza hivi: "Mtoto wa darasa la pili anavuka hili korongo kila siku, mvua ikinyesha haendi shule." Simama hapohapo kwenye korongo. Sema utafanya nini, kile diwani anachoweza kufanya, yaani kulipeleka kwenye vikao vya halmashauri, kulisimamia liingie kwenye bajeti, kurudi kuwaeleza watu limefikia wapi. Usiahidi lami ya kilomita kumi, diwani hana hela hiyo mfukoni na watu wanajua.

Upepo wa Dodoma unaua sauti. Tumia earphone zenye maiki, simama nyuma ya ukuta, rekodi asubuhi. Sikiliza kabla hujatuma. Andika na maneno chini ya video kwa sababu wengi wanaangalia wamezima sauti, wako kwenye daladala.

Kwa wazee na wenye bando dogo, ujumbe wa sauti wa dakika moja unashinda video. Unakula MB kidogo, unasikilizwa na familia nzima. Na ukituma video WhatsApp chagua ubora wa kawaida, usiwamalizie watu bando kwa ajili ya sura yako.

Tunza klipu halisi zote, nzima, bila kukata, kwenye memori kadi. Siku mtu akikata maneno yako na kuyaunga yasome vingine, unatoa ile ndefu.

Onyo lingine ambalo naliona kila mara: picha za watoto na wagonjwa. Usimpige picha mgonjwa kitandani umeshika mfuko wa matunda. Hata kama ndugu wamekubali, yule mtu akipona ataiona.

TikTok tumia klipu hizohizo, usitengeneze nyingine. Andika jina la kata kwenye maelezo.

Hatua ya 7: Jibu

Kama utafanya hatua moja tu kati ya zote, fanya hii. Wagombea wengi wanatumia mtandao kama spika ya gari la matangazo, linapita, linapiga kelele, linaondoka. Mwananchi ameuliza "mgogoro wa viwanja mtaani kwetu unasemaje?" siku ya tatu hajajibiwa, anaangalia bango lako anaona mtu aliyemnyamazia.

Tenga lisaa limoja asubuhi na lisaa limoja usiku la kujibu tu. Jibu kwa jina la mtu. Kama hujui sema "sijui, naenda kuuliza ofisi ya kata, Jumatano nakujibu", alafu Jumatano mjibu kweli hata kama jibu ni baya. Swali likirudi mara tatu toka watu tofauti, hilo ndo video yako ya kesho.

Kijana wa kukupostia unaweza kuwa naye, ila majibu yatoke kwako. Watu wa kata wanakujua unavyoongea, wakiona Kiswahili cha mwingine wanajua.

Hatua ya 8: Hela

Anza bila hela wiki mbili. Posti ambayo watu wenyewe wameishea ndo ya kubusti, sio ile uliyoipenda wewe. Facebook na Instagram matangazo ya siasa yana utaratibu wake, unaweza kuombwa uthibitishe wewe ni nani na tangazo lionyeshe aliyelipia, kwahiyo anza mapema, usisubiri wiki ya mwisho. Kwenye eneo usichague "Tanzania" wala "Dodoma" nzima, weka pini kwenye ramani ya kata yako na punguza mzunguko mpaka mwisho wake. TikTok haipokei matangazo ya siasa ya kulipia kabisa, mtu akikuambia atakubustia kampeni TikTok kwa laki mbili mkimbie.

Wafuasi wa kununua usinunue. Ni akaunti hewa, na posti zako zitaonyeshwa kwa hewa hiyohiyo.

Tunza risiti ya kila kitu, bando, matangazo, malipo ya kijana wa video. Kuna Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010 na matumizi ya mtandaoni ni matumizi kama mafuta ya gari. Na tafadhali sana, usirushe vocha wala bando kwenye gurupu la wapiga kura "watu wapate kuniona". Hiyo ni rushwa, na skrinishoti yake itafika TAKUKURU kabla hujalala.

Hatua ya 9: Wiki ya mwisho

Punguza video, ongeza kupiga simu. Fungua kaunta buku, piga namba moja moja, hata sekunde arobaini. Watumie wapi kituo chao cha kupigia kura, saa ngapi kinafunguliwa, waende na kadi. Taarifa hizo zichukue kwa msimamizi wa uchaguzi, usizitunge.

Siku ya kura simu yako inyamaze kuhusu kampeni. Usipige picha karatasi ya kura, na usitangaze matokeo yako mwenyewe mtandaoni hata kama mawakala wako wamekutumia namba, anayetangaza ni msimamizi.

Mambo yakikwama

Posti hazionwi na mtu. Angalia sentensi ya kwanza na angalia kama kuna mtu wa kata kwenye video zaidi yako. Alafu waombe watu kumi kwa majina waishee, usiandike "share share" kwa wote.

Gurupu limekufa. Uliza swali dogo lenye jibu: "Maji kwenu yalitoka siku gani wiki hii?" Watu watajibu.

Mtu anakutukana. Usijibu tusi. Kama ndani ya tusi kuna swali, jibu swali. Akirudia mtoe. Timu yako isiende kumtukana kwake.

Habari ya uongo juu yako inasambaa. Usiisambaze tena kwa kuiposti na maneno "huu ni uongo" juu yake. Rekodi ujumbe wa sauti mfupi, sema ukweli ni upi, tuma kwenye orodha zako zote ndani ya saa chache. Na wewe usisambaze ya mwenzako, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kwa taarifa za uongo inataja faini isiyopungua milioni 5 au jela isiyopungua miaka 3, au vyote.

Kuna akaunti feki ya jina lako. Piga skrinishoti, waombe watu wako wairipoti, tangaza akaunti yako halali ni ipi, na kama inaomba watu hela nenda polisi.

WhatsApp imekufungia. Mara nyingi umetuma kwa wengi wasiokusevu. Omba wapitie upya ndani ya programu yenyewe, usipakue zile WhatsApp za kuundwa na watu mitaani. Wakati unasubiri tumia meseji za kawaida.

Intaneti imekata. Siku ya uchaguzi mkuu, 29 Oktoba 2025, ilikata nchi nzima, na aliyekuwa na namba zake ndani ya WhatsApp tu alibaki hana kitu. Kaunta buku haihitaji mtandao. Kila Jumapili piga picha kurasa mpya, alafu nakala ya mkono mpe mtu wako wa mtaa wa pili.

Umeshindwa, au umeshinda. Kote kuwili usifute gurupu wala usibadilishe namba. Ndani ya siku mbili tuma ujumbe wa sauti wa kushukuru, alafu fungua safu ya nne ya lile daftari, ile ya shida, anza na yule mama wa foleni ya maji.